Usaili Nyuma ya Pazia

Nyumba ya Wageni,
Nangurukuru, Kilwa.
27 Septemba, 1999.

Mpendwa Dada Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada yangu. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi barazani kwako na nguvu zako zote, miguu imepungua kuvimba, na yule mama wa zahanati ameacha kukutisha kwa habari za chumvi. Mimi mwili haujambo. Nakula, natembea, nafundisha. Mengine yote yamelala chini, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu asubuhi hii wakati nangoja gari la kunirudisha kazini.

Nijulishe hali ya shemeji Evaristo na kifua chake. Je, mlipuliza salfa mapema mwaka huu, au mlingoja tena mpaka ule ukungu wa ubwiriunga ukamaliza maua ya mikorosho? Njiani nimeona mikorosho imechanua vizuri upande wa Kiranjeranje, lakini kila mkulima niliyezungumza naye analalamikia hao wanunuzi binafsi, kwamba wanakuja na maneno matamu na mizani yao wenyewe. Mwambie shemeji asimuuzie wa kwanza kufika, hata kama ana soda mkononi.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Uliuliza jambo moja tu, ukalirudia mara tatu: je, Zakia amepata ile kazi? Nimekaa na barua hiyo wiki tano. Nilijiambia kwamba nina mitihani ya kusahihisha, halafu nikajiambia kwamba sina stempu. Sasa najibu. Hakupata. Nitakueleza tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Unakumbuka Pasaka ya mwaka jana nilikuja nyumbani nikijigamba kwamba wafadhili fulani wa Ulaya wamekiahidi chuo chetu hadubini ya elektroni. Hiyo si ile ya kuchungulia kwa jicho moja ambayo nimefundishia miaka kumi na miwili. Ni mashine ndefu kuliko kabati lako la vyombo, na inaonyesha umbo la protini moja moja, yaani vile vitu vidogo mno ambavyo miili, mimea na hata maradhi vimejengwa navyo. Ili kuviona, unavigandisha ghafla kwa baridi kali kupita kiasi, hata maji hayapati nafasi ya kuwa chembe za barafu. Yanasimama tu kama kioo, na protini iliyomo inabaki na umbo lile lile ililokuwa nalo ilipokuwa ikifanya kazi yake. Nakueleza kwa maneno ya Zakia, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui vizuri.

Wafadhili walitoa sharti. Chuo kiajiri kwanza mhadhiri Mtanzania aliyebobea katika kazi hiyo, na jina lake liwafikie kabla ya tarehe 31 Agosti mwaka huu. Lisipofika, mashine inakwenda nchi nyingine. Ikaundwa kamati ya kumtafuta mtu huyo. Mwenyekiti alikuwa Profesa Jerome, mtu mwema lakini asiyeweza hata kupiga chafya bila kuangalia kanuni za utumishi zinasemaje. Mimi nilifanywa katibu kwa kuwa ndiye niliyekuwa nakaimu maabara.

Dada, kumtafuta mhadhiri wa namna hiyo katika nchi hii ni kazi ya kukonda. Tulianza na kibali. Tangu serikali isimamishe ajira na kuanza kupunguza watu, kupata kibali cha kuajiri hata mfagizi ni safari ya kupanda ngazi na kushuka. Chetu kilichukua miezi saba. Tukatangaza magazetini. Aliyejibu tangazo la kwanza alikuwa fundi wa majokofu wa Temeke, aliyesoma habari za kugandisha akaona anafaa, na kusema kweli barua yake ilikuwa na adabu kuliko nyingi nilizowahi kupokea. Tangazo la pili halikujibiwa na mtu. Ndipo nikawaandikia Watanzania sita walioko ng'ambo wenye ujuzi huo. Mmoja alijibu kwamba atarudi umeme utakapoacha kukatika. Mwingine aliuliza mshahara, nikamtajia, akaandika tena kuuliza kama huo ni wa wiki. Wa tatu alinitumia kadi ya Krismasi mwezi wa Machi, bila neno lolote kuhusu kazi. Wawili walikaa kimya.

Wa sita alikuwa Zakia. Maombi yake yalifika ndani ya wiki tatu, yamekamilika kila kitu.

Huna haja ya kuelezwa Zakia ni nani, wewe uliyemlea miaka minne pale Lindi, tangu baba yake alipomleta kutoka Pande na mkeka na kikapu cha muhogo mkavu, akakuomba umpe pa kulala ili asome sekondari. Ulimnunulia sufuria yake peke yake, asipate shaka na vyombo vya nyumba ya Kikristo, na mwezi wa Ramadhani ulitufukuza sisi wengine tukale uani. Mimi nilikuwa kidato kimoja mbele yake. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta wa fito na udongo, na kila alfajiri nilimsikia akisoma kwa sauti, kwanza Kurani yake, kisha jedwali la elementi, vyote kwa mahadhi yale yale. Mwaka wa kwanza nilikuwa namsahihisha kwa kugonga ukuta. Mwaka wa pili yeye ndiye aliyekuwa akinigongea mimi.

Unajua pia alikofika. Miaka kumi na mmoja Ujerumani, saba ya mwisho katika maabara ya kazi hiyo hiyo, akichunguza kirusi cha muhogo. Mwezi wa Aprili aliacha kazi yake huko akarudi Pande kumuuguza mumewe, Mwalimu Iddi, ambaye figo zilikuwa zimemshinda. Alituandikia kwamba harudi tena Ulaya, nafasi yake kule imeshapewa mwingine, na kwamba kazi ya chuo chetu ndiyo anayoitegemea yeye na watoto wake wawili. Alisema kwa ujuzi kama wake, miaka miwili bila mashine ni sawa na kuzikwa. Barua hiyo niliisoma mbele ya kamati mimi mwenyewe.

Mwalimu Iddi alifariki tarehe 4 Juni. Sisi hatukujua. Barua ya kumwita Zakia kwenye usaili ilitoka chuoni siku sita baadaye, ikimtaka afike mwenyewe na vyeti vyake tarehe 14 Julai. Ilimkuta kizukani. Alijibu kwa heshima kwamba yuko katika eda, miezi minne na siku kumi, na hatatoka nyumbani kwa marehemu mpaka katikati ya Oktoba. Profesa Jerome alitafuta neno eda katika kanuni za utumishi, hakulikuta.

Tuliwaomba wafadhili wasogeze tarehe, wakakataa. Shehe wa Pande aliulizwa, akasema kwa dharura mjane anaweza kutoka mchana akarudi kulala, lakini si safari ya siku mbili kuvuka Rufiji na kwenda kukaa mbele ya wanaume wasio maharimu zake. Hata hilo dogo Bi Ziada, mama wa marehemu, hakutaka kulisikia. Alisema mwanawe hajapoa kaburini, na mkewe hatapanda gari. Basi mimi, Valentini, nikatoa wazo. Kama yeye hawezi kuja kwenye usaili, usaili uende kwake. Azungumze nyuma ya pazia, nasi tukae upande wa pili. Kamati ilinishangilia. Nataka uamini kwamba siku ile nilikuwa na nia njema.

Tuliondoka na Landrova ya chuo. Tulikuwa tuwe watano, lakini Daktari Theresia, mwanamke pekee katika kamati, aliamka na malaria siku ya safari akabaki. Tukawa wanaume wanne: Profesa Jerome, mimi, na wazee wawili, mmoja wa fizikia na mwingine wa kemia. Tulilala njiani baada ya kivuko cha Ndundu, na tarehe 11 Agosti tukafika Pande kabla ya adhuhuri, weupe kwa vumbi mpaka kope.

Profesa Jerome alitoa rambirambi kwa adabu zote, kisha, kabla mkono wake haujarudi mfukoni, akafungua jalada la usaili. Bi Ziada alimtazama. Akauliza kama huko chuoni watu huwa wanasema pole mara moja tu. Profesa akafunga jalada, akasema pole mara ya pili, akatulia kama mtoto wa shule. Kahawa ikaletwa. Ndipo tukaruhusiwa kuanza.

Tuliketi kwenye mikeka sebuleni, viatu vimepangwa mlangoni, na mzee wetu wa fizikia amenyoosha goti lake bovu kuelekea ukutani. Mbele yetu, mlango wa chumba cha ndani ulifunikwa kwa pazia la maua ya samawati. Zakia alikuwa upande wa pili, na Bi Ziada akaingia kukaa naye. Pasi yake ya kusafiria ilipitishwa chini ya pazia, tukaipokezana, tukaona picha. Kisha akatusalimia, nasi tukaitikia kwa pamoja.

Sijawahi kuhudhuria usaili kama ule, wala sitahudhuria tena. Kwa saa mbili mwanamke aliyefiwa miezi miwili tu alizungumza na kitambaa, na sisi tulisahau kwamba hatumwoni. Sauti yake ilianza chini, kama alivyoagizwa. Kazi ilipomchukua ikapanda, Bi Ziada akakohoa, ikashuka. Alisema nyuma ya nyumba ile ile kuna shamba la muhogo lenye majani ya kupendeza, lakini ukichimba unakuta mizizi imeoza kwa ndani, rangi ya tumbaku, haifai hata kukaushwa makopa. Ugonjwa huo unaletwa na kirusi, na kirusi hicho kimevaa gamba la protini. Akasema akilijua gamba hilo limefumwaje, atajua pia pa kuanzia kulifumua. Hakuahidi dawa. Alisema itachukua miaka, na huenda wanafunzi wake ndio watakaomaliza. Hapo Bi Ziada akamkatiza, akauliza nasi tukisikia, kama hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akifanya Ujerumani muda wote huo, na mbona hakusema, maana yeye alikuwa akijua anaosha vyombo hospitalini. Mzee wa kemia aliacha kuandika akabaki anasikiliza tu.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kusoma kitabu kimoja. Nikamuuliza atatumia chumvi gani za metali kupaka protini zake ili zionekane. Akajibu, kwa upole ule ule wa Lindi, kwamba hapo Kaka Valentini amechanganya mambo mawili. Kupaka metali ni njia ya zamani. Katika njia ya kugandisha hakipakwi kitu, na hilo ndilo jambo lenyewe, kwamba protini inaonekana kama ilivyo. Mzee wa kemia akacheka, akanipiga begani. Nami nilicheka, Dada. Wote tulicheka.

Tulirudi chuoni Profesa Jerome akiwa na furaha ya bwana harusi. Njia nzima alikuwa akisema tumempata mtu wetu. Kikao cha kuamua kilifanyika tarehe 24 Agosti. Hapo afisa utumishi, ambaye hakuwa nasi Pande, akasimama na kanuni mkononi. Alisema kanuni inataka angalau mjumbe mmoja athibitishe kwamba aliyesailiwa ndiye mwenye vyeti. Picha ya pasi tuliiona, uso hatukuuona. Katika nyumba ya msiba iliyojaa wanawake, nani anajua aliyekuwa akijibu. Mzee wa fizikia akamuuliza kama anadhani Pande ina wanawake wawili wa kujibu maswali yale. Lakini kanuni ni kanuni. Kurudi Pande kuthibitisha hakukuwezekana, gari lilikuwa bovu na siku zilizobaki zilikuwa saba. Kamati ilishindwa kuthibitisha. Jina halikupelekwa.

Mashine imekwenda nchi nyingine. Kibali cha ajira kimekufa pamoja na tarehe ya wafadhili. Chumba tulichokijengea msingi mzito ili sakafu isitetemeke, sasa kimejaa madawati mabovu, na ufunguo wake ninao mimi. Mwaka huu wanafunzi wangu watachora protini kutoka ubaoni kama tulivyochora sisi. Ugonjwa wa muhogo utaendelea kula mizizi bila mtu wa kuujua. Nasema hivi bila kutia chumvi. Hakuna Mtanzania mwingine aliyekuwa tayari kurudi kufanya kazi ile, na sidhani kama katika maisha yangu wafadhili wengine watatuletea mashine kama hiyo.

Barua waliyompelekea Zakia ilikuwa ya mistari miwili, kwamba wanasikitika kumwarifu hakufanikiwa. Sikuweza kumwacha na mistari miwili. Juzi Jumamosi nilipanda lori mpaka Kiranjeranje, nikatembea na kudandia baiskeli mpaka Pande. Nilikuwa nimekusudia kumwambia jambo. Nilikuwa nimelipanga njia nzima, maneno yake nimeyahesabu.

Bi Ziada alinikaribisha kwa wali na akaniambia nimekonda. Nikaketi kwenye mkeka ule ule, mbele ya pazia lile lile. Zakia alinisalimia, akaniuliza habari zako, miguu yako, na kama bado unakataa kula papa. Kisha, kabla sijafungua kinywa, akaanza kunifariji mimi. Alisema anajua ni mambo ya eda ndiyo yaliyomharibia, na hajuti, kwa kuwa mumewe alikuwa mtu mwema na alistahili miezi hiyo minne. Alisema nisijilaumu. Alisema anajua ndani ya kile chumba cha mkutano palikuwa na mtu mmoja aliyemsimamia, na hilo linamtosha. Nilitazama maua ya pazia. Maneno yangu yote niliyoyahesabu yalikwisha.

Halafu akaniomba kitu. Shule moja ya sekondari pale Lindi inatafuta mwalimu wa biolojia, na imekubali kumsubiri mpaka atoke eda. Wanataka barua kutoka kwa mtu mwenye cheo anayemfahamu vizuri. Alisema hana mwingine wa karibu ila mimi. Niliiandika pale pale, juu ya goti, nikamsomea ilivyo. Niliandika kwamba ninamfahamu mwombaji kwa miaka ishirini na mmoja, kwamba nimeishi naye nyumba moja, na kwamba hakuna ninayeweza kumthibitisha kwa uhakika zaidi. Akacheka kidogo, akasema nimezidisha. Nikatia saini, nikaipitisha chini ya pazia, nikaona ncha za vidole vyake tu zikiipokea.

Sasa, Dada Yustina. Nimekuandikia hapo juu kwamba kamati ilishindwa kuthibitisha. Hivyo ndivyo kumbukumbu za kikao zinavyosema, na kumbukumbu hizo niliziandika mimi. Lililotokea ni hili.

Afisa utumishi alipomaliza, Profesa Jerome aliniangalia akatabasamu, kama mtu aliyeona mlango. Akasema jambo ni jepesi, maana katibu wetu amekua nyumba moja na mwombaji. Mwenzetu atuambie tu kama sauti ile ilikuwa ya Zakia, atie saini, tufunge kikao twende tukale. Wote wakanigeukia. Mzee wa fizikia alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Nikasema siwezi kuapa.

Nilisema miaka imepita, sauti ya mtu hubadilika, pazia lilikuwa zito. Profesa Jerome alidhani hakunisikia vizuri, akaniuliza tena, akanikumbusha kwamba mwombaji aliniita kwa jina. Nikajibu kwamba jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wajumbe, yeyote angeweza kuambiwa. Hayo nilikuwa nimeyafikiri lini, sijui, lakini yalitoka kinywani yamenyooka kama yaliyoandikwa. Hapakuwa na ubishi tena. Mtu anayemjua kuliko wote alikuwa ameona shaka, wao wasiomjua wangesema nini.

Jioni hiyo nilijiambia kwamba nimeogopa maneno ya watu, kwamba watu wa kusini tunabebana, kwamba Valentini kamleta ndugu yake. Ni kweli maneno hayo yalikuwapo chuoni. Lakini sikuandikii kurasa zote hizi ili nikudanganye mwishoni. Lilikuwa donge, Dada. Tangu aliposema kwamba Kaka Valentini amechanganya, na yule mzee akanipiga begani, donge lilinikaa kifuani mpaka siku ya kikao. Angekuja, angekuwa mkuu wangu. Angeniita Kaka, angenifundisha kwa upole kila siku mbele ya wanafunzi wangu, na wala hangejua ananiumiza. Mimi ambaye uliuza mpaka cherehani yako ili nisome, nikaishia na digrii ya pili na hadubini ya jicho moja. Niliona nikisita kidogo tu, hayo yote hayatatokea. Na hayakutokea.

Wala usidhani sikujaribu kurudi nyuma. Tarehe 6 mwezi huu nilimwendea Profesa Jerome ofisini nikamwambia ukweli wote. Alifunga mlango. Akasema, akiwa amenipa mgongo, kwamba mashine imeshaondoka bandarini kwenda kwa wenzetu, kumbukumbu zimeshatiwa saini, na kulifufua jambo hilo ni kuivua nguo kamati nzima bila kumrudishia yule mama chochote. Akaniambia niende nikafundishe. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri sana, na kila akinisalimia natamani ardhi inimeze. Sina wa kunihukumu. Nilidhani hilo litakuwa nafuu.

Zakia atatoka eda katikati ya Oktoba, na ameniambia safari yake ya kwanza itakuwa kuja kwako Nyangamara, kabla ya kwenda Lindi kuanza kazi ya shule. Ameshakutafutia doti ya kanga. Anataka kukushukuru kwa kunilea mimi, ndugu aliyemsimamia. Nakuomba, usimwache ayamalize maneno hayo. Mwambie mapema, kabla hajafungua kifurushi chake, au mpe barua hii aisome mwenyewe. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na sikuweza, na nikijijua ninavyojijua, sitaweza tena. Na kama baada ya hapo utaona ni afadhali nisije Krismasi, niandikie mstari mmoja tu. Sitauliza kwa nini.

Msalimie shemeji Evaristo, mwambie nimemtafutia ile dawa ya kifua na nitaituma na mtu wa basi. Wabusu wajukuu wako, hasa Fortunata, na umwambie babu Valentini anasikia anaongoza darasani na anafurahi. Padri naye mpe salamu zangu, ingawa sijui nitamtazamaje. Na siku Zakia atakapokuja, huenda utakuwa jikoni, hujamwona. Atabisha hodi, nawe utaitikia ukimtaja jina kabla hujafika mlangoni, kwa sababu sauti yake ni ile ile ya Lindi, haijabadilika hata kidogo.

Ni mimi mdogo wako,
Valentini.